Rangi ya kiwandani ya trekta la zamani: kwa nini kopo lenye jina la kampuni halitoshi

Chukua matrekta mawili ya modeli moja na mwaka mmoja, yote yamekarabatiwa, na wenyewe wote wanaapa kwamba wamepiga "rangi ya kiwandani". Yaweke bega kwa bega. Mara nyingi hayafanani: wekundu wa moja unaelekea kwenye chungwa, wa jingine unaelekea kwenye zambarau. Ubishi huanzia hapo. Huyu ana kopo lenye nembo ya kampuni, yule ana namba ya rangi aliyopewa dukani, wa tatu ana picha ya tangazo la zamani kwenye simu. Huenda wote watatu wamekosea, na huenda wawili kati yao wako sahihi ingawa rangi zao hazilingani.

Kwanza tukubaliane maneno. Katika makala haya, rangi ya kiwandani ni ile iliyokuwa juu ya trekta siku lilipotoka kiwandani, si ile ambayo kampuni hiyohiyo inaitumia leo. Rangi yenyewe ina vitu vitatu. Pigmenti ni unga unaoipa wekundu au ubuluu wake. Kishikizi ni ile gundi inayoushika unga na kuugandisha kwenye chuma. Thina ni kimiminika kinachoilainisha ili ipulizike, kisha kinaruka hewani. Chini yake kuna praima, tabaka la kwanza linaloshika chuma. Halafu kuna mng'ao, ambao si rangi lakini unabadilisha jinsi jicho linavyoisoma rangi. Sehemu kubwa ya ugomvi wa rangi ni ugomvi wa mng'ao, ila watu hawajui.

Kampuni moja, rangi nyingi

Dhana ya kwanza ya kuiondoa ni kwamba kila kampuni ilikuwa na rangi yake moja tangu mwanzo. Angalia Fordson Model N. Uzalishaji ulipohamia Dagenham, Uingereza, mwaka 1933, trekta lilikuwa la buluu lenye magurudumu ya chungwa. Mwaka 1937 likawa la chungwa. Mwaka 1940, vita vikiwa vimeanza, likageuzwa kijani. Hizo ni sura tatu za mashine ileile ndani ya miaka 7. Anayeuliza "Fordson ni rangi gani?" bila kutaja mwaka hajauliza swali linalojibika.

Allis-Chalmers walikuwa na matrekta ya kijani kabla ya kuhamia kwenye chungwa lililoitwa Persian Orange mwaka 1929. Farmall za International Harvester zilikuwa za kijivu hadi mwishoni mwa 1936, ndipo zikawa nyekundu. Case waliacha kijivu na kuingia kwenye Flambeau Red mwaka 1939. David Brown walitoka kwenye wekundu wakaingia kwenye weupe na hudhurungi mwaka 1965. Nuffield ya chungwa iligeuka Leyland ya buluu mwaka 1969.

Wanaoteseka zaidi ni wenye Ford za awali za Marekani. Ford 9N iliyotoka mwaka 1939 ilikuwa ya kijivu cheusi kuanzia juu hadi chini. Ford 8N iliyokuja baadaye, mwaka 1947, ndiyo iliyokuwa na injini na giaboksi nyekundu na mabati ya kijivu hafifu. Kwa kuwa 8N zilikuwa nyingi na zinapendeza, 9N nyingi zilipigwa rangi za 8N baadaye, na leo mtu huona 9N nyekundu akadhani ndiyo asili yake. Mfano mwingine ni Ferguson FE35 ya 1956, iliyokuwa na mabati ya kijivu na injini yenye rangi ya shaba inayong'aa kama dhahabu. Ndani ya miaka michache trekta hilohilo lilikuwa Massey Ferguson 35, na mabati yake yalikuwa mekundu.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kopo lolote, soma namba ya serial na utafute mwaka wa kutengenezwa. Soma namba ya injini pia, maana injini hubadilishwa, na injini ya mwaka mwingine inaweza kukuonyesha rangi sahihi ya trekta lisilo lako.

Kopo la leo lina wekundu mwingine

Rangi zinazouzwa sasa kwa jina la kampuni ya trekta kwa kawaida huchanganywa kulingana na kiwango cha sasa, au na kiwango cha mwisho kilichotumika kabla jina halijafa. Hata pale duka linapokuwa na kichanganyo (orodha ya rangi na vipimo vya kuchanganya) cha mwaka wako, pigmenti zenyewe si zilezile. Njano na chungwa nyingi za katikati ya karne ya 20 zilitengenezwa kwa misombo ya risasi na kromiamu. Kijani nyingi zilikuwa njano hiyohiyo iliyochanganywa na buluu ya Prussia. Risasi imeondolewa kwenye rangi nyingi kwa sababu ni sumu, na mbadala wake ni pigmenti za kikaboni ambazo hazifuniki vizuri kama zile za zamani, na hazirudishi mwanga kwa namna ileile.

Hapo ndipo linapozaliwa tatizo ambalo mafundi hulitupia lawama duka bila haki. Rangi mbili zenye pigmenti tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Ni kama suruali na koti ulivyovilinganisha chumbani ukaona vyote ni vyeusi, ukatoka nje juani ukakuta koti ni la buluu. Huwezi kuliondoa tatizo hili kabisa, kwa sababu pigmenti za zamani huzipati. Unachoweza ni kuchagua taa ambayo rangi lazima ikubali, na kwa trekta taa hiyo ni mwanga wa mchana.

Mahali rangi ya kweli inapojificha

Ushahidi bora kuliko kopo, picha na kumbukumbu za mtu ni rangi iliyobaki juu ya trekta lenyewe. Itafute pale ambapo jua, mvua na brashi ya fundi wa zamani havikufika:

- chini ya kibati chenye namba ya serial, ukikitoa taratibu;
- nyuma ya mita za dashibodi na chini ya kisanduku cha betri;
- chini ya mikanda inayoshika tangi la mafuta;
- pale bawa la madigadi linapokutana na ekseli, baada ya kufungua bolti;
- chini ya washa za bolti ambazo hazijawahi kufunguliwa;
- chini ya stika za zamani;
- pembeni mwa giaboksi palipofunikwa na grisi iliyokauka miaka mingi.

Hiyo ya mwisho hudharauliwa kwa sababu ni chafu, lakini grisi ngumu huzuia jua na hewa vizuri. Itoe kwa kipande cha mti au plastiki, si kwa chuma, kisha ufute kwa mafuta ya taa na umalize kwa kitambaa na maji ya sabuni. Usimwagie thina. Thina kali huyeyusha rangi unayoitafuta.

Usichukue sampuli karibu na ekzosti wala kwenye kichwa cha injini, maana joto limeshaibadilisha. Upande wa ndani wa boneti nao ni wa kuangaliwa kwa tahadhari: viwandani sehemu hiyo mara nyingi ilipata rangi nyembamba, na praima huchungulia ikaifanya ionekane tofauti.

Kuna jambo moja huwapotosha hata mafundi wazoefu. Rangi za mafuta za zamani hugeuka njano-njano zikikaa gizani muda mrefu. Hii inaonekana zaidi kwenye rangi nyeupe, rangi ya maziwa na kijivu hafifu. Ukitoa kibati cha namba na kukuta chini yake rangi ya maziwa iliyokolea kama siagi, usiilinganishe siku hiyohiyo. Iache ipate mwanga wa mchana kwa siku kadhaa. Sehemu kubwa ya unjano huo hupungua, na hapo ndipo utakapoiona ilivyokuwa.

Kufungua tabaka

Trekta lenye miaka 60 huenda limeshapigwa rangi mara mbili au tatu. Ili kujua ipi ni ya kiwandani, fungua dirisha dogo. Chagua sehemu bapa, chukua msasa wa maji namba 400, lowesha, na usugue kwa mzunguko mahali penye upana wa sentimita 5 hivi, ukibonyeza zaidi katikati hadi uone chuma. Kisha laini kwa namba 800, halafu 1500. Utaona miduara: chuma katikati, kisha praima, kisha rangi moja baada ya nyingine kuelekea nje.

Rangi ya kiwandani ndiyo inayokaa moja kwa moja juu ya praima ya kwanza, bila uchafu katikati. Ukiona mstari wa kutu, vumbi au mafuta kati ya tabaka mbili, lile la juu lilipigwa baada ya trekta kufanya kazi shambani. Fungua dirisha angalau mahali patatu, kwenye boneti, madigadi na giaboksi. Boneti peke yake si shahidi wa kuaminika kwa sababu ndiyo inayobadilishwa kwanza likipata ajali.

Sugua kwa maji, usisugue pakavu. Chukulia kwamba rangi yoyote ya zamani ina risasi. Vaa barakoa ya kiwango cha FFP3 au P3, usiichome rangi kwa moto wa gesi, na futa ule uji wa msasa kwa karatasi uutupe ukiwa umefungwa, mbali na watoto. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la risasi.

Ukishaipata rangi ya kiwandani, usiilinganishe ikiwa na unga. Jua hula kishikizi na kuiacha pigmenti juu kama chokaa, na ndiyo maana trekta jekundu la zamani huonekana la waridi. Watu huulinganisha huo uwaridi, wakapiga trekta zima rangi ya uzee badala ya rangi ya upya. Sugua kwa kompaundi ya kung'arishia hadi unga uishe na kitambaa kianze kutoka na rangi iliyokolea. Hiyo ndiyo ya kupimwa.

Njano za risasi zina tabia ya kinyume: mwanga na moshi wenye salfa huzifanya ziwe nyeusi-nyeusi badala ya kupauka, na kijani zilizotengenezwa kutokana nazo hufifia kwa kuingia giza. Kwa hiyo kanuni ya "ya zamani imepauka, kwa hiyo koleza kidogo" inafaa kwa nyekundu tu. Kwenye njano itakupeleka mbali zaidi na ukweli.

Mashine ya kupima na macho ya mtu

Maduka mengi ya rangi za magari yana spektrofotometa, kifaa kinachopima mwanga unaorudi kutoka kwenye rangi na kuutafsiri kuwa kichanganyo. Kinasaidia sana, na watu hukiamini kupita kiasi. Kinahitaji sehemu bapa, safi, iliyong'arishwa, kubwa kuliko tundu lake. Ukikipa sampuli ya duara, yenye mikwaruzo au yenye unga, kitakupa jibu kwa uhakika uleule na jibu litakuwa baya. Omba kipimo kichukuliwe mara tatu au zaidi mahali tofauti, kisha wastani wake utumike.

Tofauti kati ya rangi mbili hupewa namba. Ikiwa karibu na 1, jicho lililozoea linaanza kuiona. Ikifika 2 au 3, mtu wa kawaida ataiona mabati mawili yakikaa pamoja. Lakini namba hiyo haina uzito uleule kwa kila rangi. Kwenye chungwa kali unaweza kuvumilia tofauti ambayo kwenye kijivu ingekukera. Kijivu ndiyo rangi ngumu kuliko zote. Tone la buluu likizidi, trekta linaonekana la baharini. Tone la njano likizidi, linaonekana chafu. Mwenye Ferguson TE20 ya kijivu ana kazi kubwa kuliko mwenye trekta la chungwa, ingawa kwa kuangalia tu ungedhani kinyume.

Baada ya mashine, macho ndiyo yanayomalizia. Mchanganyaji mzuri ataongeza rangi kwa matone na kujaribu. Mkataze asitie nyeusi kwenye njano ili kuikoleza: njano ikikutana na nyeusi hugeuka kijani cha zeituni. Hudhurungi kidogo au njano ya udongo hufanya kazi hiyo bila kuipotosha.

Namba za kadi za rangi, kama zile za RAL (mfumo wa Ulaya unaoipa kila rangi namba), ni za kuanzia tu. Mtu anaposema trekta fulani ni RAL fulani, maana yake ni kwamba katika kadi ile hiyo ndiyo iliyokaribia zaidi. Kiwanda chenyewe huenda hakikuwahi kuitumia. Picha kwenye skrini hazifai kabisa, na matangazo ya zamani yalipakwa rangi na wachoraji na wachapaji waliotaka kuuza.

Kadi ya majaribio

Usimwamini mtu anayechovya kijiti kwenye kopo na kukiweka juu ya bati. Rangi mbichi na rangi kavu si moja. Nyingi hukolea zikikauka. Piga kadi: kipande cha bati kilichopata praima ileile, bunduki ileile ya kupulizia, idadi ileile ya mikono, yaani tabaka za rangi. Kwa rangi ya juu, nozeli ya milimita 1.3 au 1.4 inatosha, kwa praima nzito tumia 1.7 au 1.8. Iache ikauke siku nzima ndipo uilinganishe.

Linganisha ukiwa umegusisha kadi na sampuli, bila nafasi katikati, kwanza kivulini mchana, kisha chini ya taa za karakana, kisha jioni chini ya taa ya njano. Ikikubali mchana na kukataa kidogo usiku, endelea. Ikikubali usiku na kukataa mchana, irudishe dukani.

Praima huleta fujo kubwa hapa. Nyekundu, njano na chungwa za kisasa hazifuniki vizuri, kwa hiyo kilicho chini huonekana. Njano juu ya praima ya hudhurungi-nyekundu huonekana chafu hata baada ya mikono mitatu. Iwekee praima nyeupe au kijivu hafifu sana. La msingi ni kwamba praima iwe ya rangi moja kwenye mabati yote. Madigadi yenye praima ya kijivu na boneti yenye praima nyekundu yatakupa rangi mbili kutoka kopo moja.

Mng'ao nao upimwe. Rangi za leo za sehemu mbili, zenye hadina (kimiminika cha kuigandisha rangi), hung'aa kama kioo, na uso unaong'aa sana huonekana umekolea zaidi kuliko uso wenye mng'ao wa wastani, hata pigmenti zikiwa zilezile. Kumwagia vanishi juu yake ndiyo kabisa: trekta linakuwa gari la maonyesho. Omba mng'ao upunguzwe kwa kipunguza-mng'ao, na ulinganishe na lile eneo ulilong'arisha. Ukitumia hadina, kumbuka ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu. Barakoa ya kawaida haitoshi, tumia ile yenye hewa inayoletwa kwa bomba.

Kiasi, na makosa ya mwisho

Hesabu kabla ya kununua. Lita 1 hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja mwembamba, lakini bunduki hupoteza theluthi moja au zaidi hewani. Mabati yenye mita za mraba 5 kwa pande zote, mikono mitatu, ni mita za mraba 15, sawa na lita 1.5, ongeza upotevu, unafika lita 2 na robo. Kwa trekta dogo la nguvu farasi 30 hadi 45, injini na giaboksi hula kiasi kinachokaribiana na hicho, na magurudumu lita 1 hivi. Nunua zote kwa wakati mmoja, mimina makopo yote ya rangi moja kwenye ndoo moja, koroga, kisha uyarudishe. Makopo mawili yenye lebo moja yanaweza kutofautiana.

Kama unatumia rangi ya mafuta ya kawaida, soma muda wa kurudia mkono. Nyingi zinakubali mkono wa pili ndani ya saa chache au baada ya siku kadhaa. Ukiingia katikati, thina ya mkono mpya hulainisha ule wa chini na rangi hukunjamana kama ngozi ya maziwa. Dawa yake ni kusubiri ikauke kabisa, kusugua na kuanza upya.

Swali la mwisho ni nini kipigwe rangi. Viwandani, injini, giaboksi na ekseli mara nyingi zilipulizwa zikiwa zimeshaunganishwa, kwa hiyo bolti, mabomba na vichwa vya kutilia grisi vilipata rangi ileile. Bolti zinazong'aa kwa zinki juu ya giaboksi iliyopigwa rangi ni mapambo ya mkarabati. Mabati yalipigwa kando na kukaushwa kwa joto, wakati mwingine kwa rangi kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Kwa sababu hiyo trekta jipya kabisa lingeweza kutoka na madigadi yenye wekundu usiofanana kabisa na wa injini. Ukikuta tofauti ndogo kama hiyo kwenye madirisha yako, na kila upande umekaa juu ya praima safi ya kwanza, pima sampuli mbili na uchanganye rangi mbili. Ukilazimisha zifanane utakuwa unairekebisha kazi ya kiwanda.

Weka akiba ya robo lita kwa ajili ya mikwaruzo, kwenye chombo kidogo kilichojaa hadi juu ili isitengeneze ngozi. Juu ya kifuniko andika kichanganyo chote, aina ya praima, nozeli na idadi ya mikono. Kadi ya majaribio itunze mahali penye mwanga wa kawaida usio wa jua kali. Ikiwa imekaa kwenye droo na ni ya rangi ya mafuta iliyo hafifu, itoe nje siku kadhaa kabla ya kuitumia kulinganisha, la sivyo utachanganya kopo jipya kwa kufuata unjano wa gizani.